Pilipili ya Kuweka kwa Majira ya Mvua

Wewe mama wa nyumba, na wewe baba upendaye pilipili katika chakula chako, sikilizeni habari hii, maana inahusu kitu kilicho mezani penu kila siku.

Katika mwezi wa 8 na mwezi wa 9 bustani zetu za mabondeni hapa Luena zina tomati nyingi. Akina mama wanazipanga mafungu mafungu sokoni, na jioni zile zilizobaki zauzwa kwa bei ndogo sana kwa sababu kesho zitakuwa zimeoza. Pilipili nazo zimeiva, nyekundu, tele. Halafu mvua zaanza mwezi wa 10. Kufika mwezi wa 1 na wa 2 majani ya tomati yamepata madoa meusi, matunda yanaoza yakiwa bado mabichi, barabara ni tope, na fungu lililokuwa bei ndogo sasa ni bei ya kumfanya mtu ageuke aende zake. Ndipo watu wanakula bukari na sombe pasipo kitu cha kuamsha ulimi.

Kwa hiyo akina mama wengi wenye akili wametwanga pilipili mbichi pamoja na vitunguu na tomati, wametia chupani, wamemimina mafuta juu, wamefunga. Ni shauri jema, nami silikatai. Lakini lina hatari ndani yake, na hatari hiyo watu wengi hawaijui. Nataka kueleza namna ya kuweka pilipili mbichi hata ikae miezi, tena isimdhuru mtu.

Nilianza kulifikiri sana jambo hili kwa ajili ya mama mmoja. Huyu mama aliuza pilipili ya chupa kwa wasafiri wa gari la moshi, na kwa fedha hiyo alilipa masomo ya mtoto wake. Siku moja alikuja kwangu na chupa tatu katika kikapu. Vifuniko vilikuwa vimevimba. Aliniuliza, "Mama, je, naweza kufungua ili hewa itoke, kisha nifunge tena, niuze?" Nikamwuliza alitia chumvi kiasi gani. Akasema, "Kidogo tu, kwa ladha." Nikamwuliza kuhusu mafuta. Akasema, "Mengi, vidole vitatu juu yake, ili hewa isiingie." Basi nilimwambia azitupe zote tatu. Alinyamaza muda mrefu. Chupa tatu kwake zilikuwa daftari na kalamu za miezi mingi, na mimi nilijua hivyo. Lakini hata leo ningemjibu vile vile.

Kwa nini? Lazima tuanze mbali kidogo.

Watu wengi hufikiri kwamba ukali wa pilipili unaua vijidudu. Husema, "Kitu kinachochoma ulimi wangu hivi, kijidudu gani kitaishi humo?" Si kweli. Ukali ule unaamsha mishipa ya fahamu katika ulimi wa mtu. Ndiyo maana unasikia moto ingawa hakuna kidonda. Kijidudu hakina ulimi. Pilipili mbichi iliyotwangwa ni maji mengi na chakula kidogo, nayo huoza kama mboga nyingine yote. (Kwa sababu hiyo hiyo usimtilie mtoto pilipili katika maji ya kupiga bomba kwa nyuma, kama wengine wanavyofanya wakisema inafukuza ugonjwa. Inachoma utumbo wa mtoto, na ugonjwa unabaki pale pale. Nimewaona watoto hao wakiletwa, wamelegea. Tafadhali acheni.)

Hatari ni mbili. Ya kwanza yatoka bustanini, ya pili yatoka ndani ya chupa yenyewe.

Hatari ya bustanini waijua, labda, ila waisahau. Maji ya kijito yanayonyunyiziwa mboga ndiyo maji ambamo watu wanaoga, na mvua inayaletea uchafu wa vyoo. Katika nchi yetu ya Haut-Lomami, hasa kando ya Lualaba kutoka Bukama mpaka maziwa ya Upemba, kipindupindu kimerudi mara nyingi, tena homa ya matumbo haituachi. Chakula kilichopikwa kimepita motoni. Pilipili mbichi haikupita. Basi uchafu wote uliokuwa juu ya ngozi yake unautwanga na kuuchanganya vizuri mpaka chini ya kinu. Tena kuna mayai ya minyoo. Haya yana ganda gumu sana. Siki haiyaui, wala dawa ya klorini kwa kiasi tunachotia katika maji. Kitu kinachoyaondoa ni mkono wako: kusugua kila pilipili na kila tomati katika maji safi, kumwaga maji yale, na kusugua tena katika maji mengine.

Hatari ya pili ni ngeni kwa wengi, na hii ndiyo iliyonifanya nizikatae zile chupa tatu.

Kuna kijidudu kimoja kinachokaa katika udongo, kila nchi. Huko udongoni hakitusumbui. Kinajifunga katika kitu kama mbegu ndogo, na mbegu hiyo ni ngumu ajabu: waweza kuichemsha katika sufuria saa nzima isife. Lakini ikiingia mahali pasipo hewa, penye maji, pasipo chumvi nyingi wala uchungu wa ndimu, tena penye joto kama la nyumba zetu, inaamka na kukua. Ikikua inatoa sumu, na sumu hii ni kali kupita karibu sumu zote zilizojulikana na wanadamu. Sasa fikiri: pilipili na kitunguu saumu vilivyotoka udongoni, vimetwangwa vibichi, vimetiwa chumvi "kwa ladha," vimefunikwa na mafuta ili hewa isiingie. Tumekijengea kijidudu kile nyumba, tukaifunga mlango.

Ugonjwa wake unaitwa botulismi. Mganga aliyekipata kijidudu chake alikuwa Mbelgiji, jina lake Émile van Ermengem. Mwezi wa 12 mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles huko Ubelgiji, wapiga tarumbeta walipiga kwenye mazishi, kisha wakaketi kula paja la nguruwe bichi lililotiwa chumvi. Watu 34 waliugua, na 3 kati yao wakafa. Nyama ile ilikuwa na chumvi, lakini haikutosha. Van Ermengem alionyesha pia kwamba chumvi ikiwa nyingi ya kutosha, kijidudu hakiwezi kutengeneza sumu. Neno hili la chumvi ya kutosha likumbuke, tutalirudia.

Usiseme ni ugonjwa wa Ulaya tu. Mwaka 1980 jarida moja la waganga wa Uingereza lilieleza habari za watu wa Kenya waliougua botulismi kwa kula kumbikumbi waliokuwa wamefungwa katika mfuko wa plastiki. Na katika mwezi wa 10 mwaka 2008, huko Kampala katika Uganda, wanafunzi watatu wa shule za bweni walipatwa, na mmoja wao alikufa. Waganga walipouliza walikula nini, chakula kimoja tu kilidhaniwa: kiungo cha chupa kilichotengenezwa katika mafuta, cha kutia juu ya chakula cha shule kisicho na ladha. Mama, je, wewe hukumpa mtoto wako chupa ya namna hiyo alipokwenda shule Kamina au Lubumbashi? Sisi sote tumefanya hivyo. Nami nilifanya.

Tena mwaka 1985, mjini Vancouver katika nchi ya Kanada, watu zaidi ya 30 waliugua kwa sababu ya kitunguu saumu kilichokatwa na kuwekwa katika mafuta, kisha kikatumiwa katika hoteli moja. Waona mafuta yanavyorudi tena na tena katika habari hizi. Mafuta yenyewe hayana kosa. Mawese yetu ni chakula kizuri. Ila mafuta juu ya mboga mbichi isiyo na chumvi wala uchungu ni kifuniko cha kaburi. Tia mafuta sahanini, wakati wa kula.

Sasa labda utasema, "Mama, umetutisha, basi tuache." Hapana. Wazee wetu waliweka vyakula kabla ya barafu na umeme kuwako, nasi twajua kuviweka. Wewe unayelowesha mihogo mtoni siku tatu unajua ile harufu ya uchungu inayotoka. Wewe unayetengeneza munkoyo unajua jinsi unga na mizizi ile vinavyogeuka ladha kwa siku moja au mbili. Kazi ile inafanywa na vijidudu vyema. Vinakula sukari iliyomo na kuacha uchungu, na uchungu huo unawafukuza wale wabaya. Pilipili mbichi nayo yaweza kugeuka hivyo. Wajibu wetu ni kuwazuia wabaya katika siku za kwanza, mpaka wale wema wamalize kazi yao. Na kizuizi ni chumvi.

Chumvi inafanya kazi kwa kuvuta maji. Nyunyizia pilipili iliyotwangwa, uondoke kidogo, ukirudi utaikuta inaogelea katika maji yake yenyewe. Maji hayo yametoka ndani ya pilipili, na maji yale yale chumvi inayatoa katika miili ya vijidudu. Chumvi ikiwa sehemu moja katika kumi, yaani gramu 100 kwa kila kilo ya mboga iliyotwangwa, kijidudu cha botulismi hakiwezi kukua kabisa. Ikiwa kidogo kuliko hapo, hatuna hakika. Kwa hiyo usiiongoze kwa ulimi. Ulimi utakwambia imetosha wakati bado haijafika nusu.

"Lakini sina mizani." Haidhuru. Mboga zako zipimwe sokoni kwenye mizani ya mfanya biashara. Chumvi inunue katika mfuko wa gramu 500. Mimina yote juu ya kitambaa safi, uigawe marundo matano yaliyo sawasawa kama unavyogawa mafungu ya samaki. Kila rundo ni gramu 100. Chumvi yenye iodi yafaa kabisa, tena ni nzuri kwa kuzuia uvimbe wa shingo.

Haya, twende jikoni.

Chagua pilipili kilo 1, zilizoiva vizuri, zisizo na matundu wala sehemu laini. Zile ndogo ndogo zina ukali mwingi. Ukichanganya na zile kubwa za duara utapata harufu nzuri zaidi, na mimi napenda hivyo. Chukua tomati nusu kilo, zilizo ngumu. Tomati iliyolegea haifai kwa kuweka, ile pika leo. Vitunguu vikubwa viwili au vitatu, na vichwa viwili vya kitunguu saumu. Mkipenda tangawizi, kipande cha kidole kimoja. Vyote pamoja vitakaribia kilo 2, basi chumvi yako ni marundo mawili. Ikiwa mizani inaonyesha zaidi, ongeza chumvi kwa kadiri ile ile.

Ondoa vikonyo. Menya vitunguu, ukate kabisa ile sehemu ya mizizi yenye udongo. Osha kila kitu kwa kusugua, mara mbili, katika maji yaliyochemshwa yakapoa au maji yaliyotiwa klorini. Kisha tandaza juu ya kitambaa safi kivulini mpaka vikauke. Usiharakishe hapa. Maji ya kuoshea yakiingia kinuni yanapunguza nguvu ya chumvi.

Kinu chako ndicho kile kile cha mihogo, najua. Kisugue, mimina maji yanayochemka ndani yake pamoja na mchi, geuza kiive juani. Wewe mwenyewe nawa mikono kwa sabuni. Ukiwa na kidonda cha usaha mkononi, mwache binti yako afanye kazi hii. Twangia nje, mahali upepo unapopita, ukiupa mgongo upepo ili usikuletee usoni. Wafukuze watoto, maana tone moja likiruka jichoni utaacha pilipili na kukimbia na mtoto. (Likiruka, osha jicho kwa maji safi mengi, muda mrefu, pasipo kulisugua.)

Tena neno kwa mama anayenyonyesha. Vaa mfuko wa plastiki mikononi kama huna glavu. Ukali wa pilipili haushuki kwa maji matupu. Unashuka kwa mafuta. Ukimaliza, jipake mafuta ya kupikia mikononi, sugua, kisha nawa kwa sabuni, kisha rudia. Nilipokuwa msichana niliyesahau hilo, nilimshika mdogo wangu usoni. Mama yangu hakuninyima adhabu.

Tomati zikate mara mbili, utoe mbegu na maji yake, utwange nyama yake tu. Twanga vyote mpaka viwe kama uji mzito, si lazima viwe laini sana. Tia chumvi yote, koroga mpaka huioni tena. Tia katika chombo cha udongo au cha kioo, au ndoo ya plastiki ya chakula iliyo safi. Si bati, maana chumvi na uchungu hula bati. Wala si chombo kilichokuwa na petroli au dawa ya kuua wadudu wa shamba, hata ukikiosha mara kumi. Usijaze; acha sehemu ya nne iwe wazi, kwa sababu itainuka. Funika kwa kitambaa safi kilichofungwa kwa kamba ili nzi wasiingie, na juu yake sahani. Weka mahali pa baridi, pasipo jua, kwa majuma mawili.

Kila siku koroga mara moja kwa mwiko safi na mkavu. Baada ya siku chache utaona mapovu madogo na kusikia harufu ya uchungu mzuri, kama ya munkoyo, lakini polepole zaidi kwa sababu chumvi ni nyingi. Ndivyo inavyotakiwa. Juu paweza kuja utando mweupe mwembamba; huo si mbaya, uondoe kwa kijiko. Lakini ukiona ukungu wenye manyoya, wa kijani, mweusi au mwekundu, au ukisikia harufu ya kuoza, usijaribu kuokoa sehemu ya chini. Mizizi ya ukungu inashuka mahali usipoiona.

Majuma mawili yakiisha, kamua ndimu sita, uchuje maji yake, utie pamoja na kijiko kimoja cha supu cha chumvi, ili maji hayo yasipunguze nguvu ya chumvi ya kwanza. Asiye na ndimu atie siki, ile ambayo dukani huitwa vinegre, glasi moja ndogo, na kijiko kile kile cha chumvi. Koroga. Sasa una vizuizi viwili, chumvi na uchungu, na hicho ndicho nitakacho.

Chupa za kioo zenye mdomo mpana ni bora. Zioshe, uzichemshe katika sufuria dakika 10 pamoja na vifuniko, uzigeuze zikauke. Jaza mpaka vidole viwili chini ya mdomo. Chini ya kifuniko cha bati weka kipande cha plastiki safi ili chumvi isiile. Juma la kwanza usikaze sana. Mimi mara ya kwanza nilitia pilipili yangu katika chupa ya bia (usiniulize niliitoa wapi, zimejaa kando ya njia), nikaipigia kizibo kwa nguvu kabla haijamaliza kuchachuka. Usiku wa manane tulisikia mlio, tukadhani ni mwizi. Asubuhi ukuta wa chumba ulikuwa mwekundu, na tulipiga chafya siku mbili.

Andika siku ya kutengeneza juu ya kila chupa. Ikiwa umepima chumvi kama nilivyosema, pilipili hii itakufikisha mwisho wa mvua. Ukifungua, tumia kijiko safi na kikavu kila mara. Kijiko kilichotoka katika mchuzi kikirudi chupani, kinapeleka mchuzi, na mchuzi ni maji na chakula kwa vijidudu.

Kumbuka kwamba hii ni chumvi yenye pilipili. Si mboga ya kula kwa kijiko kikubwa. Kijiko kidogo kimoja cha chai kina karibu nusu gramu ya chumvi, na waganga wanashauri mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku katika vyakula vyake vyote. Basi ukitia pilipili hii katika sombe, usitie chumvi nyingine, onja kwanza. Mgonjwa wa damu kupanda, wa moyo au wa figo asiitumie. Yeye apewe pilipili mbichi ya siku ile, iliyopondwa na ndimu bila chumvi. Mwenye vidonda vya tumbo atajua mwenyewe kwamba inamchoma, akubali shauri la tumbo lake. Watoto wadogo hawana haja nayo.

Zile chupa za zamani ulizo nazo nyumbani, zenye mafuta juu na chumvi ya kukisia, nifanye nini nazo? Zitupe. Usionje kwanza ili kujua, maana sumu ya botulismi pengine haina harufu wala ladha, na kuonja kidogo kwaweza kutosha. Usiwape kuku wala mbwa, nao hufa. Chimba shimo refu, mimina humo, fukia, kisha osha chupa kwa sabuni na uichemshe. Najua ni hasara. Yule mama wa chupa tatu alifukia zake nyuma ya nyumba yetu, mimi nikishika jembe. Mwaka uliofuata alitengeneza kwa kupima marundo, na wasafiri walilalamika kwamba ina chumvi kuliko ile ya kwanza. Akawaambia watie kidogo. Bado wananunua.

Mtu akiwa amekula kitu cha chupa, kisha saa kadhaa au siku moja, mbili, hata tatu baadaye anaona kitu kimoja kuwa viwili, kope zinaanguka, mdomo umekauka, sauti inabadilika, hawezi kumeza vizuri, shingo na mikono inalegea, wala hana homa, msingoje asubuhi. Akili yake itakuwa timamu, atawajibu, na watu watasema amelogwa. Sumu ile imekata habari kati ya mishipa ya fahamu na nyama za mwili, nayo inashuka kutoka kichwani hata kifuani, na kifua kikilegea hawezi kuvuta pumzi. Msimpe maji wala dawa ya kunywa asiyeweza kumeza, itaingia mapafuni. Mleteni hospitali upesi, alazwe kichwa kikiwa juu kidogo. Dawa ya kuipinga sumu hiyo iko, lakini si kila hospitali inayo, na lazima ianze mapema. Ndiyo sababu kila saa ina thamani. Leteni na chupa yenyewe, imefungwa, tena waiteni wengine wote waliokula naye, hata kama wanasema hawasikii kitu.

Limebaki jambo la tomati. Wengi wanataka ile pilipili ya kuponda yenye tomati nyingi na kitunguu kibichi, tamu, isiyo na chumvi kali. Hiyo haiwekwi. Ponda asubuhi, kula mchana, iishe jioni. Lakini ukiwa na chupa yako ya pilipili ya chumvi, kazi ni ndogo hata katika mwezi wa 2: tomati moja tu iliyooshwa vizuri, kipande cha kitunguu, kijiko kidogo cha pilipili kutoka chupani, ndimu ukipata, na matone ya mafuta juu. Tomati moja yatosha sahani ya watu sita.

Katika mkutano wa akina mama tutatengeneza pamoja chungu kimoja kabla mvua hazijaanza. Kila mmoja alete pilipili zake zikiwa zimekwisha oshwa, na mfuko wake wa chumvi usiofunguliwa.